Mkono Uliokuwa Juu

1

Huko Itonya, mwanamke aliyelelewa akaleleka humjua baba mkwe wake kwa kikohozi. Mzee akiwa njiani hukohoa, na mkaza mwana aliye mbele yake hujitosa migombani, akageuza uso mpaka nyayo zipite. Hawasalimiani, hawaketi chumba kimoja, hawatajani majina. Wageni waliopanda mlimani na kampuni ya mvuke waliicheka sana mila hiyo. Walisema kwao mzee na mke wa mwanawe hukaa kochi moja wakatazama mpira. Watu wa Itonya wakawajibu kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, wakaendelea kukohoa.

Tusekile hakuwa na doa katika jambo hilo. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mumewe Lugano afe, na katika miaka yote hiyo hakuwa amemwona baba yake Lugano uso kwa uso, ingawa kati ya nyumba zao palikuwa na migomba tu. Chakula cha mzee alimkabidhi mama mkwe. Habari za mzee hakuziuliza, na hakuna aliyempa.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa kwenye jiko la nje, anataka kuchemsha viazi. Siku hizi hakuna anayekoka moto Itonya. Bomba linashuka kutoka kituo cha mvuke mlimani, linagawanyika nyumba kwa nyumba, na mpishi hana kazi ila kufungua koki chini ya sufuria. Koki ikifunguka mvuke hupiga mluzi mkali kwa muda, kisha hutulia ukafanya kazi yake. Ni mvuke ule ule uliomuua Lugano ndani ya handaki. Sasa ulimchemshia mwanawe viazi.

Akafungua koki. Mluzi ukalia. Alihisi kitu kikimgusa nyuma ya sikio, pale kliniki walipompandikiza punje ya kuondoa hofu, na hofu ikaanza kupanda kifuani. Akavuta pumzi, akasukuma alivyofundishwa, polepole, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Hofu ikaenda zake. Ilikuwa ikienda hivyo kila siku, na Tusekile hakuwahi kujiuliza inaenda wapi. Nani huuliza moshi uendako?

Ndipo alipoinua macho akamwona baba mkwe wake.

Mzee hakuwa amekohoa. Alikuwa amepiga magoti katikati ya njia, jembe limeanguka kando yake, kinywa wazi bila sauti. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika kitu kisichokuwepo, akikiinua, akikiinua kwa nguvu zote za mwili wake, mishipa ya shingo imemtoka.

Ilimpasa Tusekile ageuke. Hakugeuka, kwa sababu aliijua ile mikono. Kabla ya punje, yeye mwenyewe alikuwa akishikwa hivyo sokoni, kanisani, popote, ila mikono yake yeye ilikuwa ikikandamiza chini.

Akafunga koki. Mluzi ukafa, na mikono ya mzee ikaanguka. Mzee akabaki anahema. Kisha akafuta magoti yake, akaangalia huku na huku kama kuna aliyemwona, akainama kuokota jembe.

Hapo Tusekile akafanya jambo ambalo baadaye hakumsimulia mtu yeyote. Alifungua koki tena, na mzee akaanguka tena.

2

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Tumpe. Mbona mapema?" Mama mkwe, Bibi Subilaga, alikuwa anamenya ndizi mlangoni pake.

"Baba anaumwa tangu lini?"

Kisu kikasimama. Swali hilo haliulizwi na mkaza mwana, na wote wawili walilijua hilo.

"Tangu mlipowekewa hivyo vidude vyenu," alisema mama mkwe hatimaye. "Mwanzo ilikuwa mara moja moja. Sasa ni kutwa. Hata usiku ukiota wewe, analia yeye."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje mambo ya mkweo, mwanangu? Nawe ungeniuliza kwa mdomo gani?" Akarudi kwenye ndizi zake. "Tena alinikataza. Alisema, yule ana mtoto, mwache."

Funika kombe mwanaharamu apite. Itonya nzima ilikuwa imefunika kombe kwa miaka sita. Majirani walikuwa wakimwona mzee akianguka mashambani, wakamnyanyua, wakamkung'uta vumbi, na heshima ikawazuia kumweleza yule mmoja aliyestahili kujua. Tusekile alitaka kukasirika, lakini hakumpata wa kumkasirikia. Angekuwa yeye ndiye jirani, naye angenyamaza.

Siku ya handaki alikuwa amewapelekea chakula kazini. Baba mkwe alikuwa mlinzi wa koki kuu, Lugano fundi wa kuchomelea mabomba, na yeye alikuwa na mimba ya Tumpe. Bomba lilipopasuka, mzee alimsukumia Tusekile kwenye chumba cha kujiokolea, akaingia naye, komeo la chuma likashuka. Humo walikaa gizani wamebanana, mkwe na mkaza mwana, mpaka waokoaji walipowafikia. Katika wote waliokuwa handakini, walitoka wao wawili tu. Watu waliambiwa kwamba Lugano hakuwahi kuufikia mlango, na hakuna aliyedadisi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tusekile alitoka mle akawa anashtushwa na kila kitu. Kifuniko cha sufuria kikitikisika, alikimbia. Mtu akigonga mlango, alijificha chini ya kitanda, hata majirani wakajizoeza kumpigia hodi kwa kuimba kutoka mbali. Hilo watu walilivumilia, tena kwa utani. Jambo ambalo halikuwa na utani lilitokea Tumpe akiwa na miezi minne. Jirani alifungua koki, mluzi ukalia, na Tusekile akamfunika mtoto uso kwa khanga iliyolowa, kama walivyofanya kule ndani ili wapate kupumua. Alikandamiza. Mama mkwe alipomnyang'anya, mtoto alikuwa amebadilika rangi.

Wiki hiyo hiyo alipelekwa kliniki, wakampandikiza punje. Mpaka leo Tumpe hakubali kuvishwa nguo ya kupitishia kichwani. Huvaa za vifungo tu, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

3

Sista Yusta wa kliniki alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kukupa chai kabla ya kukupa habari mbaya. Alimmiminia Tusekile kikombe kikubwa.

"Hofu haifi, mama Tumpe," alisema. "Walijaribu kuiua zamani, wakaua na kumbukumbu zilizoshikana nayo. Watu wakasahau sura za watoto wao. Kilichowezekana ni kuihamisha. Inatoka kwako, inaingia kwa mwenzio. Na si kwa mtu yeyote tu. Mwili ambao haukuwepo unaikataa, unaitapika. Lazima awe mtu mliyekuwa naye palepale."

"Na hapa tulibaki wawili."

"Mlibaki wawili. Tukawafunga pamoja, naye akaomba usiambiwe ni nani, mkafundishwa kusukuma. Kila mmoja akisukuma, mzigo unakaa katikati, unabebeka. Lakini mwenzio hajasukuma hata siku moja. Kila inapokuja anaipokea. Yake na yako."

"Labda hajui kusukuma."

"Nilimfundisha mwenyewe. Kila akija namkumbusha, ananiambia, ndiyo sista, nimekuelewa. Halafu anakwenda kupokea."

Tusekile alikitazama kikombe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameishi miaka sita bila hata kujua kwamba kanda lipo.

"Basi na mimi nitaacha kusukuma. Tutagawana."

"Jaribu," alisema Sista Yusta, kwa sauti ya mtu ambaye ameshawaona wengi wakijaribu.

Alijaribu. Wiki nzima alifungua koki akasimama mikono wazi, akiingoja hofu yake kama mtu anayemngoja mgeni. Ilimgusa nyuma ya sikio, ikampita. Maji yalikuwa yameteremka upande mmoja kwa miaka, mfereji ulikwisha kuchimbika. Akaacha kupika, wakala viazi vya jana, mtoto akalalamika, na bado haikusaidia kitu, maana kila nyumba Itonya ina koki yake. Kutoka ng'ambo ya migomba alimsikia mzee. Alikuwa na sauti nyembamba, ambayo mtu asingeidhania ni ya mwanaume mzima.

Akarudi kliniki.

"Naweza kuwatenganisha," alisema Sista Yusta. "Mnaketi chumba kimoja, mnaweka mikono kwenye kibao kimoja, mnahesabu mpaka kumi. Asipokubali mmoja, haifanyiki. Baada ya hapo kila mtu anabaki na yake."

"Yangu yote?"

"Yote. Na itakuja kwa mkupuo, kwa sababu hujaizoea."

"Itapungua?"

"Zamani walikuwepo wataalamu wa kukaa na mtu. Wiki kwa wiki unasimulia, anakusikiliza, unafundishwa polepole kwamba mluzi ni mluzi tu. Ilikuwa kazi ndefu, lakini watu walipona, wakapika, wakalea. Ilipokuja punje, kitengo kile kikafungwa."

"Hao watu wako wapi?"

"Wamestaafu. Mmoja anafuga kuku huko kwao." Akamwongezea chai ambayo hakuiomba. "Tusipowatenganisha, moyo wa mzee hautafika masika. Hilo nimemwambia na yeye."

"Na akifa tukiwa bado tumefungwa?"

Sista Yusta aliinuka akaenda kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi sana. "Nilitumaini hutaniuliza. Mwenza akifa amebeba, anaondoka nayo. Anayebaki hupona kabisa."

4

Watu wa kliniki walikuwa wenyeji, waliijua mila. Walitundika pazia zito katikati ya chumba, meza wakaipitisha chini yake, nusu huku, nusu kule, na juu ya meza wakaweka kile kibao cha chuma. Mama mkwe aliwekewa kiti mwisho wa pazia, mahali pa kuwaona wote wawili. Yeye ndiye angebeba maneno, kwa kuwa mkwe na mkaza mwana hawasemeshani. Tumpe aliachwa barazani na gauni lake la vifungo.

Tusekile aliweka mkono wake kwenye kibao. Alikuwa ameazimia. Tangu asubuhi alikuwa ameazimia, na njia nzima alijisemea moyoni kwamba atamhamishia Tumpe kwa bibi yake, atalala peke yake, atajifungia ndani, liwalo na liwe. Hakujiuliza bibi huyo atamlea vipi mtoto huku anauguza mzee anayelia.

Upande wa pili mzee alikohoa. Hata pale alikohoa.

"Mwambie mama Tumpe asiogope," alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa.

"Anasema usiogope," mama mkwe alisema.

"Mwambie baba nimekuja kuchukua kilicho changu. Nilikuwa sijui."

"Anasema amekuja kuchukua kilicho chake, alikuwa hajui."

Kisha mzee akasema, "Huenda tusipate tena nafasi ya kusema. Mwambie kuhusu komeo. Mwambie Lugano alipogonga, mkono wangu mimi ndio uliokuwa juu. Yeye alitaka kufungua, mimi nikakandamiza. Asije akajilaumu."

Mama mkwe hakurudia maneno hayo. Alimtazama mumewe.

"Lugano aligonga?" aliuliza.

Akainama kumkaribia mumewe.

"Uliniambia hakufika. Uliniambia mwanangu hakufika mlangoni. Aligonga?"

"Aligonga," alisema mzee. "Mwambie mama Tumpe nilivyosema."

Sasa ni lazima ijulikane Tusekile alikuwa anakumbuka nini, maana alikumbuka vizuri kupita alivyotaka. Mle ndani hamkuwa na mwanga, lakini mkono haukosei. Komeo lilikuwa chini, mikono ya mzee imelishika na kuliinua, na mzee alikuwa anasema, mwanangu, mwanangu. Juu ya mikono ile ilikuwa mikono yake yeye, Tusekile, na juu ya mikono yake ulikuwa uzito wote wa mwili wake na mimba yake. Alikandamiza. Mvuke ulikuwa unaingia kwa ukingo wa mlango, akajua kwamba ukifunguka watakufa wote na mtoto tumboni. Lugano aligonga, akaita jina lake, akagonga tena. Alikandamiza mpaka kugonga kukakoma.

Mama mkwe alimgeukia. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale kitini.

"Anasema," alianza. "Anasema mkono wake ndio uliokuwa juu. Wewe ulitaka kumfungulia mwanangu. Yeye akakataa."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Tusekile aliona kwamba wanadamu wawili waliokuwepo siku ile hawajawahi kuizungumza hata kwa neno moja, na kwamba labda dawa yenyewe ilikuwa hiyo, kuizungumza, tangu mwanzo, kabla ya punje na waya na mafunzo ya kusukuma. Maneno yalikuwa mafupi. Mwambie baba si kweli. Mkono wangu. Aliyasikia yakifika kooni. Lakini macho ya mama mkwe yalikuwa yamemshika, yamejaa shukrani, mwanamke anayemshukuru mwenzake kwa kuwa alitaka kumwokoa mtoto wake, na Tusekile akashindwa. Aliona haya, akaogopa, akanyamaza.

"Mwambie baba nimesikia," alisema.

Mkono wa mzee ukatokea chini ya pazia. Ulikuwa mwembamba, ngozi imelegea, nao ukakipapasa kibao. Tusekile hakuwahi kuuona kwa karibu mchana.

"Mwambie nimechoka," alisema mzee. "Ningekuwa na nguvu kidogo ningeendelea. Mwambie anisamehe, nimechoka."

Mama mkwe hakurudia. Hakumtazama tena mumewe.

"Mikono ibaki hapohapo," alisema Sista Yusta. "Tunahesabu. Moja."

Kibao kikaanza kupata joto.

"Mbili. Tatu."

Nyuma ya sikio Tusekile alihisi kitu kikifunguka, ufa mdogo tu, na kwa ufa ule kikaja kile alichokuwa amekisahau. Haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa kugonga kwenyewe, ndani ya mifupa yake, na harufu ya chuma moto, na khanga iliyolowa. Mkono wake mwingine ukainuka wenyewe, vidole vimekunjuka, ukitafuta uso wa kufunika. Na huko barazani Tumpe alicheka kitu fulani, akaita, "Mama, njoo uone!"

"Nne. Tano."

Tusekile akaondoa mkono wake kwenye kibao.

Ufa ukafunga. Utulivu ukamrudia, mtamu kama usingizi. Kule chini ya pazia mkono wa mzee ulibaki peke yake, ukaruka juu, ukashika hewa na kuanza kuinua.

"Sijawa tayari," alisema Tusekile. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mwambie baba tutarudi wiki ijayo."

"Mwambie mwenyewe," alisema mama mkwe. "Mimi na huyu tumemalizana." Akainuka akatoka nje, kwa mjukuu wake.

Walibaki na Sista Yusta, naye akajifanya anapanga waya. Ilichukua muda mrefu mpaka mzee akapata pumzi ya kuongea. Hakukuwa na mtu wa kumbebea maneno, basi aliyasema kwa pazia.

"Ni sawa," alisema. "Mtoto kwanza. Hata siku ile ilikuwa sawa."

Hapo Tusekile akajua kwamba mzee naye anakumbuka vizuri.

5

Hawakurudi wiki iliyofuata. Kwanza ilikuwa mvua, halafu shule zilifunguliwa, halafu Tusekile akaacha kutafuta sababu. Mama mkwe alihamia nyumbani kwake, akalala chumba kimoja na Tumpe, akawa anamwita Tusekile mwanangu kwa upendo ambao hakuwa nao zamani. Chakula cha mzee hakukitaja tena. Tusekile alikipeleka mwenyewe, akakiweka kizingitini wakati mzee yuko shambani, akaondoka haraka.

Jioni moja, jua bado liko juu ya migomba, Tumpe alikuwa mkekani anajifunza kusoma, na Tusekile akaweka sufuria ya viazi jikoni. Kwenye njia, upande wa kulia, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi dhaifu, lakini kilikuwa cha adabu, cha kumpa mkaza mwana nafasi.

Tusekile aligeuza uso wake migombani, kama alivyofunzwa na mama yake. Mkono wake ulikuwa kwenye koki. Alijua kwamba angeweza kungoja kidogo, mzee apite, afike mbali. Lakini mtoto alikuwa na njaa, na kwa jirani mluzi ungeanza wakati wowote.

Akafungua. Kitu kikamgusa nyuma ya sikio. Akasukuma.

Jembe likaanguka njiani.

"Mama," alisema Tumpe, akiinua macho kutoka kitabuni, "babu ana nini?"

"Soma," alisema Tusekile. Hakugeuka. Mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake, na hakuna mtu Itonya ambaye angemlaumu kwa hilo. Alibaki ameitazama migomba mpaka mluzi ukaisha na viazi vikaanza kuchemka.